Namna ya Kuandaa Mtaa kwa Mafuriko na Magonjwa Yanayoyafuata: Mwongozo kwa Kamati za Mitaa za Dar es Salaam

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwenyekiti, mtendaji na wajumbe wa kamati ya mtaa ulioko bondeni au kando ya mkondo wa maji jijini Dar es Salaam, ingawa mtendaji wa kata na diwani nao watakuta humo sehemu ya kazi zao. Haufundishi kujenga daraja wala kingo za mto, kwa kuwa kazi hizo zina wahandisi, wakandarasi na mikopo yake. Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia fedha mwaka 2022, ndio unaobeba mzigo huo kwa upande wa Jangwani. Mwongozo unahusu yale ambayo mtaa unaweza kuyafanya au kuyadai kwa mamlaka uliyonayo leo, huku miradi mikubwa ikiendelea kwa kasi yake.

Hoja yenyewe ni fupi. Madhara ya mafuriko mjini huamuliwa miezi mingi kabla ya wingu la kwanza, kwenye vikao vya bajeti, na mtaro na choo ni suala moja ambalo ofisi zetu zimezoea kuligawa mara mbili. Mafuriko ya Desemba 2011, ambayo yaliua watu zaidi ya 40 na kuwang'oa maelfu kutoka mabondeni, yalikumbusha jiji kwamba maji yanaua kwa kuzamisha. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 na kusambaa katika mikoa mingine ulionyesha kitu kingine: ulianza mwezi wa kiangazi, jambo linalothibitisha kwamba kinyesi hufika kwenye maji ya kunywa mwaka mzima, na mvua huja tu kuongeza kasi. Mabadiliko ya tabianchi yanafanya mvua kubwa za siku moja ziwe kali zaidi, katika mkoa ambao sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728, wengi wao wakiishi kwenye makazi yasiyopimwa. Kamati inayosubiri mpaka maji yaingie ndani ndipo ikutane haitakuwa na la kuamua zaidi ya kugawa magodoro.

Anza na kalenda ya fedha

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1 na kuisha Juni 30, na halmashauri huandaa bajeti yake takriban kati ya Novemba na Machi. Masika hunyesha Machi hadi Mei, na vuli Oktoba hadi Desemba. Ukizitandaza kalenda hizo mbili juu ya meza moja utaona tatizo mara moja: ombi la kujenga mtaro linalopelekwa Aprili, maji yakiwa tayari sebuleni, limekuta bajeti ya mwaka unaokuja imeshafungwa na fedha za mwaka unaokwisha zimeshatumika, kwa hiyo hata likikubaliwa kwa moyo mweupe litasubiri bajeti inayofuata, yaani miezi kumi na mitano hivi. Mitaa mingi imekuwa ikirudia kosa hilo kila mwaka na kuamini kwamba inapuuzwa.

Ratiba inayofaa ni hii. Kikao cha tathmini kifanyike Juni, mara masika yanapokatika, wakati alama za maji bado zinaonekana ukutani na watu bado wana kumbukumbu. Vipaumbele vipitishwe kwenye mkutano wa wakazi Julai au Agosti, kisha vifike kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata kabla ya Oktoba, ili diwani avibebe kwenye baraza akiwa na muhtasari uliosainiwa mkononi badala ya malalamiko ya mdomo. Kazi ndogo ndogo ambazo hazihitaji bajeti ya halmashauri, kama kuzibua mitaro na kunyonya vyoo, zifanyike mara mbili kwa mwaka: Agosti na Septemba kabla ya vuli, na Januari na Februari kabla ya masika.

Uhalali wa kufanya haya upo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inatambua kamati za usimamizi wa maafa kuanzia ngazi ya taifa, mkoa na wilaya hadi kata, kijiji na mtaa. Kama mtaa wako hauna kamati hiyo, au inayo kwa jina tu, iteue upya na uandike majina kwenye muhtasari. Usiijaze wajumbe walewale wa kamati nyingine zote. Mweke mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mwalimu mmoja wa shule iliyo karibu, mwendesha bodaboda mwenye kijiwe, mama anayeuza maji au chakula, na angalau mpangaji mmoja, kwa sababu wamiliki wa nyumba na wapangaji hawaathiriki kwa namna moja na hawakumbukwi kwa namna moja.

Ramani ya maji

Ramani nzuri ya mtaa hutengenezwa kwa miguu. Chagua siku mbili, moja ya jua na moja ya mvua ya wastani, na kundi la watu watano au sita litembee mkondo wote wa maji kuanzia yanakoingilia mtaani hadi yanakotokea, likiandika vitu vinne: mahali maji yanapokwama, mahali yalipofika kimo gani mara ya mwisho, kila kisima kinachotumika, na kila choo ambacho shimo lake liko chini ya usawa wa maji ya mafuriko. Alama za mafuriko zipimwe kwa futi ya fundi kutoka ardhini, zisikadiriwe kwa kusema yalifika magotini, maana magoti ya watu hayalingani.

Huhitaji kuanza kwenye karatasi tupu. Kuanzia mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria, uliowatumia wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa, uliweka majengo, njia na mitaro ya kata nyingi za Dar es Salaam kwenye ramani huria ya OpenStreetMap ambayo yeyote mwenye simu anaweza kuifungua. Ramani hiyo ichapishwe kwa ukubwa wa kutosha kubandikwa ukutani, kisha mwite mzee mmoja au wawili waliokaa hapo tangu zamani waisahihishe. Wao ndio wanaojua kwamba uwanja fulani ulikuwa bwawa na kwamba nyumba fulani imesimama juu ya mkondo. Maji huwa hayasahau njia yake ya zamani, hata hati ikisema vinginevyo.

Ongeza orodha ya nyumba zenye watu ambao hawawezi kuondoka peke yao: wazee, watu wenye ulemavu, wajawazito walio karibu kujifungua, wagonjwa wa kitandani na watoto wanaoachwa wenyewe mchana. Orodha hiyo ina taarifa za siri za watu na isibandikwe popote. Ikae kwa mtendaji na kwa mhudumu wa afya, na kila jina liwe na jirani mmoja aliyekubali kwa kauli yake kwamba ndiye atakayegonga mlango huo.

Kila mtaro una mwenyewe

Hapa ndipo maombi mengi hupotelea. Mtaro ulio kando ya barabara kuu ni wa TANROADS, wakala wa barabara kuu; ulio kando ya barabara za mitaa kwa kawaida ni wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini; bomba la majitaka na chemba zake ni za DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji; taka ngumu ni za halmashauri na mkandarasi wake, na mto wenyewe uko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu huku NEMC, baraza la taifa la mazingira, ikisimamia uchafuzi. Mambo huwa magumu zaidi pale mto unapokuwa mpaka wa halmashauri. Msimbazi na vijito vyake hupita kwenye maeneo ya Jiji la Dar es Salaam, Ubungo na Kinondoni, na kwa urahisi kabisa ng'ambo moja huamini kwamba uchafu umetoka ng'ambo ya pili. Kwenye hali kama hiyo, waalike viongozi wa mtaa wa ng'ambo muandike barua moja yenye mihuri miwili, maana barua ya namna hiyo haiwezi kujibiwa kwa kuelekezwa kwa jirani.

Barua iwe fupi na iwe na vipimo. Mfano wa aya zake ni huu:

"YAH: OMBI LA KUSAFISHA MTARO NA KUKARABATI KARAVATI. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mtaro unaoanzia zahanati hadi mtoni, wenye urefu wa mita 310, umejaa mchanga kwa zaidi ya nusu ya kina chake katika sehemu tatu zilizooneshwa kwenye ramani iliyoambatishwa. Katika mvua ya Aprili mwaka huu maji yalifikia kimo cha sentimita 60 ndani ya nyumba 22. Tunaomba kazi hii ikamilike kabla ya Februari 15. Mtaa utatoa nguvukazi ya siku mbili na eneo la muda la kuweka tope. Tunaomba halmashauri itoe gari la kulisomba siku hiyohiyo."

Nakala iende kwa diwani, kwa mtendaji wa kata na kwa ofisi ya Mkuu wa Wilaya, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya maafa ya wilaya. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa na ibaki kwenye faili. Bila muhuri huo, miezi sita baadaye barua itakuwa haikuandikwa.

Kuzibua mitaro bila kuijaza tena

Kampeni za usafi zinajulikana: fulana mpya, fagio jipya, kiongozi mgeni, picha, na tope lililotolewa mtaroni likiachwa ukingoni hadi mvua ya kwanza ilirudishe lilikotoka. Afadhali kusafisha mita 50 na kusomba tope lote kuliko kusafisha mita 300 na kuliacha. Kwa hiyo usitangaze siku ya kazi kabla ya kuwa na uhakika wa gari, na kama gari la halmashauri halipatikani, changeni kwa ajili ya maguta ya kubeba viroba hadi kwenye kituo cha taka kinachotambuliwa.

Anzeni upande wa chini, yaani mahali maji yanapotokea, mkipanda kuelekea yanapoingilia. Mtaa ukizibua sehemu yake ya juu huku ya chini ikiwa imeziba, utakuwa umemsogezea jirani mafuriko, na ugomvi wa namna hiyo hudumu kuliko masika. Wafanyakazi wavae mabuti ya mvua na glavu ngumu, kwa kuwa mitaro yetu ina vioo, sindano na mkojo wa panya, ambao hubeba vimelea vya homa ya mgunda vinavyoingia kupitia michubuko ya ngozi. Wakimaliza waoge kwa sabuni, na mwenye jeraha abaki juu akipokea viroba.

Mtaro utaziba tena ndani ya wiki chache endapo taka za nyumbani hazizolewi. Katazo la mifuko ya plastiki la Juni 1, 2019 lilipunguza sehemu moja ya tatizo, lakini chupa, nepi na maganda ya nazi bado ziko. Mahali ambapo gari la taka haliwezi kupita kwa wembamba wa njia, kikundi cha vijana chenye mikokoteni kinachozoa mlango kwa mlango hadi barabarani hufanya kazi nzuri kuliko vitisho vya faini, na kikundi hicho kikisajiliwa kinaweza kuomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Panga ada inayolipika kwa wiki badala ya mwezi, kwa sababu kipato cha wengi mabondeni ni cha siku.

Vyoo na visima

Kila mkazi wa bondeni anajua kinachotokea usiku wa mvua kubwa. Watu hutapisha vyoo: hutoboa shimo au hufungua bomba lililofichwa, na kinyesi cha mwaka mzima huondoka na maji kuelekea kwa jirani. Sheria ndogo za halmashauri zinakataza na faini ipo, lakini faini peke yake haijawahi kumaliza tabia ambayo chanzo chake ni gharama. Gari la kunyonya majitaka huuza safari nzima, halifiki kwenye vichochoro, na mwenye nyumba yenye wapangaji sita huona heri asubiri mvua ya bure. Ukitaka kuondoa tabia hiyo, ondoa kwanza tofauti ya bei.

Njia inayowezekana ni kunyonya kwa makundi wakati wa kiangazi. Mjumbe aandikishe nyumba kumi au kumi na tano zilizo jirani, mashimo yapimwe kina kwa fimbo, kisha kamati ijadiliane na wenye magari bei ya siku nzima badala ya bei ya safari moja. Kwa nyumba ambazo gari halizifikii, wapo watoa huduma wenye pampu za mkono zinazojaza mapipa na kuyavusha kwa guta. Sharti moja lisilegezwe: majitaka yapelekwe kwenye mabwawa yanayosimamiwa na DAWASA, kama yale ya Vingunguti, na dereva arudi na stakabadhi ya kumwaga ndipo alipwe salio lake. Bila stakabadhi, gari linaweza kumwaga kwenye mtaro huohuo mliouzibua mwezi uliopita.

Kwa choo kinachojengwa upya, shimo linyanyuliwe juu ya alama ya mafuriko mliyoipima, kuta zake za ndani zijengwe kwa tofali na saruji, na lisifike kwenye maji ya ardhini. Mabondeni maji ya ardhini yako karibu sana, kwa hiyo choo kifupi kilichoinuka juu ya ardhi, kinachonyonywa mara nyingi zaidi, ni salama kuliko shimo refu linalosifiwa kwamba halijai. Shimo lisilojaa mahali kama hapo kwa kawaida linavujia kisimani.

Na visima je? Ushauri wa kawaida ni kwamba kisima kiwe mita 30 au zaidi kutoka chooni. Kwenye viwanja vilivyobanana vya Tandale au Buguruni ushauri huo hautekelezeki, na kuurudia mikutanoni ni kupoteza muda. Kinachotekelezeka ni kuyachukulia maji yote ya visima vifupi kuwa machafu mwaka mzima: yatumike kufulia na kusafishia, na yakilazimika kunywewa yachemshwe hadi yatokote kwa angalau dakika moja, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kasha na kuachwa nusu saa. Maji yenye tope yatulizwe na kuchujwa kwa kitambaa safi kwanza, kwa sababu uchafu huila klorini kabla haijaua vimelea. Kamati iwe na akiba ya vidonge vya kutibu maji kwa ajili ya nyumba zilizo kwenye orodha ya hatari, na imwombe afisa afya wa kata ratiba ya kupima maji ya visima vinavyouzia watu wengi.

Onyo lifike mlangoni

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa msimu kabla ya masika na kabla ya vuli, na huutangaza pia utabiri wa siku tano wa hali mbaya ya hewa kwa rangi: njano kwa angalizo, machungwa kwa tahadhari, nyekundu kwa tahadhari kubwa. Taarifa hizo hufika kwenye makundi ya simu ndani ya dakika chache, na huishia hapo, kwa kuwa hazisemi nani afanye nini. Kamati iamue mapema na iandike. Rangi ya njano ikitangazwa kwa Dar es Salaam, wajumbe wakague makaravati na mitaro na kuondoa kilichokwama. Ikiwa machungwa, nyaraka, dawa na madaftari ya watoto viwekwe kwenye mfuko wa nailoni na kupandishwa juu, swichi kuu ya umeme ijulikane ilipo, na majirani walioahidi kusaidia wajulishwe. Ikiwa nyekundu, watu walio kwenye orodha wahamishwe kabla ya giza, hata kama mvua haijaanza.

Utabiri wa mkoa mzima hautoshi kwa mtaa ulio kando ya Msimbazi. Mto huo huanzia kwenye vilima vya Pugu na kuingia baharini karibu na daraja la Salenda, na mvua iliyonyesha juu inaweza kuleta maji Kigogo au Jangwani wakati jua linawaka. Tengeneza uhusiano wa simu na mtaa ulio juu yako, mtu mmoja kwa mtu mmoja, na mpake rangi nguzo ya daraja lililo karibu kwa mistari mitatu ya kimo cha maji inayoonekana kwa mbali. Upande wa chini wa mto, angalieni pia mwezi. Maji makuu ya bamvua, yaani bahari inapojaa sana kwa kufuata mwezi, yakikutana na mvua kubwa, mto hukosa pa kwenda na hurudi nyuma, na wavuvi wa Kinondoni wataweza kuwaambia saa yake kwa usahihi usiohitaji kifaa.

Tangazo lenyewe lipite njia zaidi ya moja: kipaza sauti cha msikiti, kengele ya kanisa, filimbi za walinzi, bodaboda wa kijiwe. Wale wa zamu ya usiku wana simu zilizozimwa.

Maji yakiwa ndani

Zima umeme kwenye swichi kuu kama mikono na miguu ni mikavu, la sivyo usiiguse na uwapigie TANESCO, shirika la umeme. Watoto wasivuke maji yanayokwenda, hata yakiwa ya kimo cha goti, kwa sababu mfuniko wa chemba uliofunguka hauonekani. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Shule ndiyo kimbilio la kawaida, na mwalimu mkuu anapaswa kujua hilo mwezi mmoja kabla, akiwa amekubaliana na kamati kuhusu madarasa yatakayotumika, funguo zitakazokuwa kwa nani na lini masomo yatarudi. Viwango vya kimataifa vya misaada ya kibinadamu huelekeza lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, na choo kimoja kwa watu 50 mwanzoni mwa dharura, kisha kimoja kwa watu 20 haraka iwezekanavyo. Piga hesabu hiyo kwa shule yako sasa. Ikiwa ina matundu manane ya choo, imeshaeleza yenyewe idadi ya watu inaoweza kuwahifadhi. Vyoo vya wanawake viwe na taa na komeo, na kila familia iandikishwe inapoingia, mpangaji kama mpangaji na mwenye nyumba kama mwenye nyumba.

Wiki mbili za hatari

Maji yakipungua, wageni wa serikali huondoka na kamati hulala. Ndipo kipindupindu huingia, kwa sababu dalili zake huanza saa chache hadi siku tano baada ya mtu kumeza vimelea. Kwa wiki mbili, mhudumu wa afya na wajumbe wapite nyumba kwa nyumba wakiuliza swali moja tu: kuna anayeharisha maji? Mtu yeyote anayeharisha maji mfululizo apelekwe kituo cha afya mara moja huku akinywa njiani maji yenye chumvichumvi za ORS, na kama hakuna pakiti, lita moja ya maji safi yenye vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Taarifa iende kwa afisa afya wa kata siku hiyohiyo, au kwa simu ya bure ya 199 ya Wizara ya Afya. Kuficha mgonjwa kwa kuogopa mtaa kufungiwa biashara ya chakula kunaugharimu mtaa zaidi. Wenye vibanda waambiwe hivyo mapema, kabla hapajawa na mgonjwa.

Sakafu na kuta zilizolowa maji ya chooni zisafishwe kwa sabuni kwanza, kisha zipigwe dawa: kipimo kimoja cha jiki yenye klorini ya asilimia 3.5 kwa vipimo sita vya maji. Jiki isichanganywe na sabuni ya chooni yenye asidi, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu. Kisima kilichofunikwa na mafuriko kisitumike kwa kunywa hadi afisa afya asimamie kutekwa kwa maji yake yote na kutiwa klorini.

Baada ya kipindupindu, mbu. Yule wa dengue, ugonjwa uliolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, huuma mchana na huzaliana kwenye maji masafi yaliyotuama: ndoo, matairi, vifuu, sahani za maua, matanki yasiyofunikwa. Kumwaga na kusugua vyombo hivyo mara moja kwa wiki kunakata mzunguko wake kabla hajapata mabawa. Mwenye homa kali ambaye kipimo cha malaria kinaonesha hana asinunue dawa ya maumivu kiholela. Apewe paracetamol na apelekwe kupimwa, kwa sababu aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kuongeza kutokwa damu endapo ni dengue.

Wanaotakiwa kuhama

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na maelfu ya nyumba zimo ndani ya mita hizo. Baada ya mafuriko ya 2011 serikali iligawa viwanja Mabwepande, nje kabisa ya mji, na baadhi ya waliopewa walirudi mabondeni kwa kuwa riziki yao ilikuwa Kariakoo na Magomeni, si huko. Mtaa hauna mamlaka ya kuhamisha wala kuzuia kuhamishwa. Ulichonacho ni kumbukumbu. Daftari la wakazi linaloonesha nani anamiliki, nani amepanga, tangu lini na anafanya kazi gani ndilo litakalosomwa siku ya kuthamini mali, na mpangaji asiyeandikwa humo atakuwa hajawahi kuishi hapo. Lisasishwe kila Juni, wakati wa kikao cha tathmini, lisomwe mbele ya wakazi, na nakala moja ihifadhiwe nje ya bonde, kwa mtendaji wa kata, juu ya alama ya maji ya mwaka 2011.